Mkono wa Bibi Kitambaa

Mume wangu anasema ipo siku nitapigwa hadharani, na yeye atajifanya hanijui. Nina tabia moja ambayo sijui kuiacha: nikimwona mtoto mchanga amebebwa mgongoni kwenye baridi, mkono wangu unakwenda wenyewe. Unapenya kwenye kola ya mtoto, nyuma ya shingo, pale nywele zinapoishia, unasikilizia. Nikikuta pa moto, namsalimia mama yake na kwenda zangu. Nikikuta pa baridi, nasema. Na mimi nikisema, si mtu wa kunong'ona.

Huku Njombe tulikohamia kwa ajili ya kazi yake, baridi haina utani, hasa miezi ile ya katikati ya mwaka ambapo ukungu unashuka mpaka stendi na wauza mahindi ya kuchoma wanaota moto wa wateja wao. Wanawake wa huku wanajua kufunga watoto. Ninaowakamata mara nyingi ni wageni wenzangu kutoka kwenye joto, wameshuka kwenye basi na khanga moja. Hao nawahurumia, kwa hiyo nawagombeza zaidi. Wananitazama kama mwehu, na siwalaumu. Aliyenifundisha tabia hii mimi mwenyewe nilimtazama hivyo hivyo, na kwa muda mrefu niliamini ni mpelelezi wa polisi.

Nilikuwa mtoto wa umri wa shule asiyekwenda shule. Tuliishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ambako ukitupa jiwe lazima limpate Mwafrika mwenye mfuko mweusi wa plastiki. Wazazi wangu ni watu wa Tanga wote wawili, wafanyabiashara wa nguo. Mama alinunua Shisanhang, kwenye mtaa wa nguo za jumla ambao asubuhi hupiti bila kugongwa visigino na mkokoteni. Baba alifuata mzigo mpaka upakiwe bandarini Huangpu, kisha anapanda ndege kwenda Dar kuupokea. Bidhaa yao kubwa ilikuwa makoti ya baridi. Wenzao walimcheka mama: nani Afrika atanunua koti lililojazwa pamba kama godoro? Mama akawajibu kwamba anayeuliza hivyo hajawahi kulala Makambako. Makoti yalikuwa yakifika tu, yanaisha.

Nadhani ndiyo maana baridi ya Guangzhou ilimkuta mama anajiamini. Alijiona mtaalamu. Kumbe alikuwa mtaalamu wa kuuza koti.

Baridi yenyewe haikuwa ya theluji, ilikuwa ya maji. Nyumba zetu zilibanana kiasi kwamba jirani wa ng'ambo angeweza kukuazima chumvi kwa dirishani, na jua halikufika chini hata kwa bahati mbaya. Nguo zilianikwa siku nyingi zikatoka na unyevu ule ule, pamoja na harufu ya mbwa. Sakafu vigae, kuta vigae, na hakuna kilichotoa joto chumbani isipokuwa sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nakumbuka nikikaa kitandani na koti na soksi mbili mbili, nikitoa pumzi na kuiona, nikijifanya navuta sigara kama mawakala wa mizigo.

Mdogo wangu Hamisi alizaliwa mwanzoni mwa msimu ule. Mama alimbeba kama yeye alivyobebwa: mgongoni, khanga ikapita chini ya kwapa zake, fundo kifuani, kisha juu yao wote wawili koti la kiume kubwa kuliko yote ghalani. Kwa mbali alionekana kama mama mwenye kibyongo. Hamisi alitokeza kichwa tu kwenye kola, na miguu miwili pembeni, kila mguu na soksi iliyokuwa njiani kuanguka. Mfukoni mama aliweka kiazi kitamu cha moto, kile kinachochomwa kwenye pipa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Kilimpasha mikono mpaka kipoe, kisha mimi ndiye niliyekila. Mpaka leo, harufu ya kiazi kinachoungua ganda kwangu ni harufu ya mfuko wa mama yangu.

Wazee wa Kichina walimwonea uchungu yule mtoto. Hakuna mtaa tuliopita bila bibi fulani kusimama, kumnyooshea mama kidole na kuivuta soksi ya Hamisi mpaka gotini. Mama alicheka na kusema, "Xiexie, xiexie," asante, asante, na tukishapita anasema kwa Kiswahili, "Watu hawa! Kwani mgongo wangu ni friji?"

Lakini kulikuwa na bibi mmoja ambaye mama hakumchekea.

Huyo alikaa chini ya ngazi za jengo letu, kwenye kigoda cha plastiki, mbele ya mlango wa chumba chake. Mfupi, nywele nyeupe zilizokatwa usawa wa masikio, na mkononi, juu ya sweta, alifunga kitambaa chekundu chenye maandishi ya manjano. Wazee wengi wa mtaa walivaa vitambaa vile mwaka ule. Kazi yao ilikuwa kuangalia nani anaingia na nani anatoka, na sote tulijua wakiona jambo wanamwambia nani. Mimi nilimwita Bibi Kitambaa.

Kila tulipopita, Bibi Kitambaa aliruka kutoka kwenye kigoda kwa kasi isiyolingana na miaka yake, akaingiza mkono kwenye kola ya koti, nyuma ya shingo ya Hamisi, akaushikilia pale. Kisha anapiga kelele. "Hou dung aa! Hou dung!" Sauti yake ilipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu. Nililijua neno dung, baridi, hata watoto wa Kinaijeria walilijua. Lakini sikumwamini. Nilishawaona askari kule barabarani wakisimamisha wafanyabiashara: wanaanza kwa maneno ya kawaida, halafu mkono unazama ndani ya begi mpaka chini kabisa. Mkono wa Bibi Kitambaa ulizama vile vile. Nikajua anapekua. Mama ameficha kitu shingoni mwa Hamisi, na huyu bibi ametumwa akipate.

Siku moja mama yuko jikoni nikampekua Hamisi mimi mwenyewe. Nilipitisha vidole kwenye mikunjo yote ya shingo ile nene, nikapata uchafu wa maziwa na uzi wa sweta. Nikashusha pumzi. Kisha nikafikiri labda kimefichwa vizuri kuliko akili yangu, nikazidi kuogopa.

Na mama aliogopa pia, ndicho kilichonithibitishia. Karatasi ziligoma mwaka ule. Zamani viza ikiisha unampa wakala pasipoti, unarudi kuichukua. Sasa mawakala wote walikuwa na jibu moja, "Meiyou," hakuna. Baba alikuwa Dar, akanyimwa viza ya kurudi. Mama alikuwa mjamzito wa siku za mwisho, hakuna ndege ambayo ingempandisha, na alipojifungua viza yake ilikuwa imekwisha. Baba akawa anahangaika kutoka kule atume tiketi, na ubalozi wetu Beijing utoe karatasi ya safari ya Hamisi, tuondoke kwa utaratibu. Mpaka bahasha hiyo ifike, mama hakutakiwa kukutana na askari. Waliokamatwa walifungiwa, na hakuna aliyejua watoto wao wangepelekwa wapi.

Katikati ya hayo bibi yangu mzaa mama akafariki Tanga. Mama alipokea simu ngazini, akarudi ndani, akakaa kitandani na kumnyonyesha Hamisi. Hakulia. Mama Kulwa, mwanamke wa Mwanza aliyepikia wafanyabiashara ugali nyumbani kwake jengo la pili, alikuja na sufuria ya uji wa pilipili manga, akakaa naye.

"Lia, mdogo wangu," alimwambia. "Mama ni mama."

"Nikilia maziwa yatakatika, dada."

"Nani kakwambia?"

"Yeye," mama alisema. "Yeye ndiye aliyeniambia."

Mama Kulwa akammiminia uji mwingine. Nilikaa nikisubiri mama alie ili nami nilie, kwa sababu nilimpenda bibi yangu na sikutaka kuanza peke yangu. Ilipita siku ile, zikapita na nyingine.

Baada ya hapo mama alianza kunifundisha kubeba. Alinifundishia kitandani, ili nikimwangusha Hamisi aangukie godoro. "Inama. Inama zaidi. Mtoto hashikwi na fundo, anashikwa na mgongo. Sasa khanga. Vuta! Usimhurumie, ukimhurumia ataning'inia." Nilidhani ni mchezo, nikajisikia mtu mzima, nikazunguka chumba na Hamisi akinivuta nywele na kunitemea maziwa shingoni. Mama aliniacha nifurahi kwanza. Kisha akakaa chini ili macho yetu yalingane.

"Zuhura, mama yangu, nisikilize. Siku nikichukuliwa, usinifuate. Usilie jina langu. Mbebe mdogo wako uende kwa Mama Kulwa. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikufurahia tena kumbeba Hamisi.

Bahasha ilifika karibu na mwaka mpya wao, wakati kila mlango wa duka umewekwa mti mdogo wa machungwa madogo madogo kwenye chungu. Wakala alipiga simu asubuhi: njoo uchukue. Mama alituvalisha haraka. Alitaka tutoke kabla Bibi Kitambaa hajaweka kigoda chake, na kweli tulipita mlango wake ukiwa bado umefungwa. Kwa kumkwepa yule bibi tukawa tumetoka saa ile baridi inapouma kuliko saa zote. Nje mvua ilikuwa ya rasharasha, ile isiyokulowesha mara moja bali inakupenya taratibu.

Tulikuwa tumeingia ghorofa ya chini ya jengo la maduka, tukikatiza katikati ya vibanda vya nguo, watu walipoanza kukimbia. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia viatu tu, viatu vingi, kisha Mkongo mmoja akapita karibu yetu akisema kwa sauti ya chini, "Mama, wanakagua mlangoni, wako mlangoni."

Sijawahi kuona mikono ikifanya kazi haraka kama ya mama yangu dakika ile. Koti chini, fundo likafunguka, na kabla sijauliza nilikuwa nimeinama na Hamisi yuko mgongoni kwangu, khanga imenibana mpaka pumzi ikatoka. Akajaribu kufunga koti langu juu yetu sote. Halikutosha. Akavuta, likagoma. Akalitazama koti lile, yeye aliyewauzia makoti maelfu ya watu, na uso wake ukawa kitu ambacho sitaki kukikumbuka sana.

"Nenda nyumbani," alisema. "Tembea, usikimbie. Ukikimbia watakufuata. Watoto hawawaulizi."

"Na wewe?"

"Nenda, mwanangu."

Nilipogeuka mara moja tu, hakuwepo. Palikuwa na kibanda, muuzaji mwanamke anakunywa chai kwenye chupa, na rundo la makoti.

Nilitembea. Nilipita mlangoni kati ya askari wawili walioshika pasipoti za watu wengine na hawakuniangalia. Nilipita mwuza viazi vya kuchoma, na harufu ile ikanitia machozi. Khanga ilianza kulegea, kwa sababu mgongo wangu haukuwa wa mama na nilisahau kuinama. Rasharasha iliingia kati ya koti langu na mgongo wa Hamisi, nikaisikia kwa jinsi khanga ilivyozidi uzito. Mwanzoni alilia. Halafu akanyamaza, nami nikashukuru, nikadhani amelala.

Bibi Kitambaa alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda chake.

Ningeweza kwenda kwa Mama Kulwa kama nilivyoagizwa, lakini mama alisema nyumbani, na hapakuwa na njia ya nyumbani isiyopita kwa yule bibi. Niliangalia chini nikajaribu kupita haraka. Mkono ukaingia shingoni mwa Hamisi. Safari hii hakupiga kelele mara moja. Mkono ulikaa pale, ukashuka mgongoni kwake, ukarudi. Ndipo akapiga yowe ambalo sijawahi kusikia lingine la aina hiyo, akanikamata bega, akatuingiza chumbani kwake na kuufunga mlango kwa kiuno.

Niliona alivyoshika fundo la khanga na kuanza kulifungua. Nikajua ndiyo sasa: mama wamemchukua, na huyu anamchukua Hamisi. Nilisahau kila nilichoagizwa. Nikaita mama, nikapiga mateke, na mkono wake ulipopita mbele ya uso wangu nikaung'ata. Niliung'ata kwa meno yote niliyokuwa nayo. Alisema "Aiya!" Lakini hakuuondoa, kwa kuwa ndio uliokuwa umeshika khanga, na angeutoa mtoto angeanguka. Akaniachia niung'ate mpaka nilipochoka.

Hamisi hakuwa amelala. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu, na vidole vimekunjwa, na alitutazama tu. Bibi Kitambaa alimvua nguo zote zenye maji kwa muda wa mtu kumenya ndizi. Akafungua vifungo vya sweta lake, na sweta la ndani, akamtia Hamisi kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akafunga tena. Akaanza kutembea, chumba chenyewe hatua chache tu, huku anamsugua mgongo na kumsemesha. Nilisimama kwenye kona. Baada ya muda Hamisi akatoa sauti ndogo, kisha kubwa, kisha akalia kwa hasira zake za kawaida zilizotukosesha usingizi kila siku. Bibi Kitambaa akacheka. Sikujua anajua kucheka.

Kisha akafungua bati la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Harufu ya kafuri ikajaa chumba. Akatoa kitambaa kizito cha mraba, chekundu kilichopauka, kimedariziwa maua na ndege, na kila pembe ina mkanda mrefu. Ilikuwa mbeleko. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Alimtupa Hamisi mgongoni kwake kwa namna ile ile ya mama yangu, kuinama kule kule, akapitisha mikanda mabegani, ikapishana kifuani, ikarudi nyuma chini ya makalio ya mtoto, ikaja mbele kufungwa. Juu yake akafunika kijoho chenye pamba ndani, chenye kola inayosimama, ikaziba shingo yote kwa nyuma. Nikaona tundu ambalo mama hakuwahi kuliona. Upepo ulikuwa unaingia hapo siku zote, kati ya koti na nywele za Hamisi, na yule bibi alikuwa anauweka mkono hapo siku zote.

Alikuwa ananikorogea maji ya tangawizi na sukari mlango uliposukumwa. Askari wawili, vijana, kofia zinadondosha maji. Upepo ukaingia pamoja nao. Mmoja alinitazama, akatazama kichwa cha Hamisi kinachochungulia mgongoni kwa bibi, akauliza kitu.

Bibi Kitambaa akawageukia. Na hapo nikaisikia sauti ile, ile ile ya ngazini, ile iliyotuandama sisi kila asubuhi, kwa kelele zile zile, kidole kile kile kimenyooshwa. "Hou dung! Hou dung!" Akaonyesha mlango, akaonyesha mtoto, akaonyesha mlango. Kitambaa chekundu kilitikisika mkononi kwake. Kijana wa kwanza alirudi nyuma, wa pili akamkanyaga mguu, na wakaondoka wakiufunga mlango taratibu, kwa adabu, kama watoto waliotumwa nje.

Nilikaa chini sakafuni. Kama hivyo ndivyo alivyowasemesha wao, na wao hawakuwa wamekosa kitu ila kumpulizia mtoto upepo, basi na sisi hakuwahi kutusemesha kingine. Nilikuwa mdogo lakini nililielewa lote kwa mkupuo mmoja, nikalia sana, na yeye akadhani tangawizi imeniunguza.

Mama alirudi mchana akitokwa na jasho. Ndiyo, jasho. Yule mwanamke wa kibandani alimlaza chini ya rundo la makoti, akakaa juu yake na kuendelea kunywa chai, mpaka ukaguzi ukaisha. Mama alikuwa akisema baadaye kwamba ndiyo siku pekee msimu ule aliyoona joto Guangzhou. Baada ya hapo alikwenda kuchukua bahasha, akarudi kwa Mama Kulwa akitutafuta, asituone. Alipofika mlangoni kwa Bibi Kitambaa aliusukuma bila hodi.

Akamwona Hamisi amelala mgongoni kwa bibi, amechomoza shavu linalong'aa kwa joto. Akaniona mimi na kikombe. Bibi Kitambaa akaanza kumgombeza pale pale, na mama, ambaye hakuwahi kukubali kufundishwa na mtu namna ya kubeba mwanawe, alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha yule bibi akashika mkono wa mama, akauingiza kwenye kola ya Hamisi, akaubana hapo. Mama akafumba macho.

Mama Kulwa, ambaye alijua lugha yao kidogo kwa kukaa sana, aliitwa aje kutafsiri. Mbeleko ilikuwa ya binti wa yule bibi. Bibi aliidarizi mwenyewe miaka mingi nyuma, lakini binti alipojifungua huko mji mwingine akasema ameshanunua ya dukani, yenye vifungo vya plastiki. Sasa ni ya mama. Mama akakataa, akasema haiwezekani, kitu cha mtu.

"Chukua," Mama Kulwa alisema polepole. "Kwao, mtoto akitimiza mwezi, mbeleko hailetwi na yeyote tu. Anaileta mama mzaa mama. Ameniuliza yako imeletwa na nani. Nimemwambia mama yako hayupo."

Mama aliikunja ile mbeleko na kuikunjua, akaikunja. Bado hakulia.

Tuliondoka siku chache baadaye, baada ya mama kwenda kujieleza kwa watu wa uhamiaji na kuruhusiwa kusafiri. Teksi ilisubiri mtaani na mabegi yetu. Hamisi alikuwa mgongoni kwa mama, mikanda imepishana kifuani kama tulivyoonyeshwa, kijoho kimeziba shingo. Bibi Kitambaa aliinuka kwenye kigoda. Mkono ukaenda shingoni mwa Hamisi, kwa mazoea. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaona alama za meno yangu bado ziko pale chini ya kidole gumba, zimekuwa za kahawia, nikaona aibu nikajificha nyuma ya mama.

Halafu mkono ule ule ukaingia kwenye kola ya mama mwenyewe. Nyuma ya shingo, chini ya nywele. Ukakaa. Bibi Kitambaa akakunja uso, akaanza kunguruma, "Hou dung, hou dung," safari hii kwa sauti ya chini, akamfunga mama vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka cha juu kabisa, akaisimamisha kola, akaipigapiga ikae.

Mama yangu akalia. Alilia kama mtoto, mdomo wazi, barabarani, mbele ya dereva wa teksi, na machozi yakaingia kwenye ile kola. Nilishtuka nikamvuta koti, nikamwambia, "Mama usilie, hakugombezi, ndivyo anavyoongea." Nilidhani bado hajajua. Yule bibi hakumwambia anyamaze. Alimshikilia kola kwa mikono miwili mpaka akamaliza.

Maziwa hayakukatika. Hamisi alinyonya njia nzima mpaka Dar.

Hatukupata habari zake tena. Mama haendi tena China, na Mama Kulwa naye alirudi kwao. Sijui kama yule bibi aliulizwa na wakubwa wake kwa nini siku ile hakusema kitu. Mbeleko iko Tanga, kwenye sanduku la mama, na harufu ya kafuri haijatoka. Ameshaniambia kwamba nikijaliwa mtoto ataileta mwenyewe, kwa basi, wala nisimtumie mtu.

Wiki iliyopita niliteremka stendi asubuhi, ukungu umekaa. Mama mmoja kijana alikuwa ameshuka kwenye basi la usiku kutoka Pwani, mtoto mgongoni, khanga na kitenge, basi. Unajua kilichofuata. Shingo ya mtoto ilikuwa ya baridi, nikapaza sauti, watu wakageuka. Mama wa watu akaanza kuomba radhi. Nilikuwa tayari ninavua skafu yangu nimzungushie mtoto, ndipo kitu kikanisukuma tumboni.

Alikuwa msichana mdogo, dada wa mtoto, na mfuko wa nguo mkononi. Amesimama kati yangu na mdogo wake, miguu ameitanua.

"Usimguse mdogo wangu."

"Zena!" mama yake akamkaripia. "Adabu yako! Shikamoo dada, msamehe."

Nilimfunga mtoto ile skafu, nikaziba shingo vizuri. Kisha nikainama mpaka macho yetu yakalingana na yule Zena, nikaingiza mkono kwenye kola yake yeye. Shingo yake ilikuwa ya baridi kuliko ya mdogo wake, baridi ya safari nzima, na hakuna aliyekuwa ameishika. Akaukazia macho mkono wangu, pale chini ya kidole gumba, na nikaona kabisa anachofikiria.

Nikauacha pale pale.